Harufu ya mafuta ya taa siku ya Ijumaa Kuu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kila Ijumaa Kuu ikikaribia, harufu ya mafuta ya taa hunirudia puani. Tulikuwa tukiishi Virginia Beach, Marekani, si mbali na barabara ya Birdneck, karibu na kituo cha ndege za kivita cha Oceana. Ukikaa pale unazizoea ngurumo. Ndege ikipita mnanyamaza kidogo, kisha mnaendelea na maongezi.

Tarehe 6 Aprili 2012, saa sita na dakika chache mchana, nilikuwa napiga pasi nguo za kwendea ibadani. Safari hii ngurumo haikupita. Ilikatika.

Nilipotoka nje, moshi mweusi ulikuwa umeshapanda juu ya mapaa. Kwenye kioo cha gari letu kulikuwa na matone. Nikagusa kwa kidole, yanateleza; nikanusa, mafuta ya taa kabisa, kama jiko la mama kule Tanga. Ndege ilikuwa imemwaga mafuta angani kabla ya kuanguka.

Ilikuwa ndege ya kivita aina ya F/A-18D, yenye marubani wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Injini zote mbili zilipata hitilafu mara tu baada ya kupaa. Wao walijirusha na viti vyao, ndege ikaangukia nyumba za kupanga za Mayfair Mews, ambako wazee wengi walikuwa wakikaa. Wakazi walimkuta rubani mmoja bado amefungwa kwenye kiti, wakamburuta mbali na moto, naye huku akiwaomba radhi kwa kuwaharibia nyumba zao. Majeruhi walikuwa saba, marubani wakiwemo. Hakufa hata mtu mmoja. Watu wakauita muujiza wa Ijumaa Kuu.

Usiku mama alinipigia simu. "Mwanangu, Mungu amewaona."

"Amina, mama. Ametuona."

Neno hilo ninaliamini hadi leo. Lakini halikuniacha nilale, kwa sababu nilikumbuka San Diego, mji mwingine wa Marekani. Tarehe 8 Desemba 2008, ndege ya aina hiyo hiyo iliangukia nyumba moja kule. Bibi, mama na mabinti wawili wachanga walifariki. Rubani alinusurika. Kesho yake yule baba aliyebaki peke yake alisimama mbele ya waandishi wa habari akaomba watu wamwombee rubani, asije akaumia moyoni, maana alifanya alichoweza. (Baadaye alikwenda mahakamani kudai haki, na akapewa. Wanaodhani msamaha na haki haviwezi kukaa nyumba moja wamtazame huyo baba.)

Sasa niseme nini? Kwamba sisi Mungu alituona, wale hakuwaona? Siwezi kulitamka hilo mbele ya baba yule. Bwana mwenyewe alilikataa. Katika Luka 13 anawataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama tunadhani walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Akajibu: sivyo.

Na kuna jambo nililolisoma miaka mingi bila kuliona. Ijumaa ile ya Golgotha hakuna aliyenusurika. "Aliokoa wengine, hawezi kujiokoa mwenyewe," walimdhihaki. Mwana wa Mungu siku hiyo hakuwa kwenye kundi letu la walioponea chupuchupu. Alikuwa na waliobaki ndani ya nyumba.

Kwa hiyo ushuhuda wangu siku hizi nautoa kwa sauti ya chini. Namshukuru Mungu kwa wazee wa Mayfair Mews, kila mmoja. Kisha nanyamaza kwa ajili ya wale wanne.

Jumatano kwenye maombi, wapendwa, nawaomba tumtaje yule baba. Na marubani pia, wa Virginia Beach na wa San Diego, popote walipo usiku huo.