714 na jirani yake

Usiku wa kuamkia Alhamisi

Leo nimeshinda na vitabu vya stakabadhi. Kazi yenyewe si ya kueleza sana: kila stakabadhi ina namba, namba zinafuatana, nami napitia nakala zilizobaki kitabuni moja baada ya nyingine nione kama kuna iliyoruka. Ikiruka hata moja, ama kuna fedha iliyopita pasipoonekana, ama mtu aliharibu karatasi akaichana asiandike kwamba imefutwa. Wenzangu ofisini huikwepa kazi hii. Mimi naipenda. Napenda kuziona 711, 712, 713 zikija kwa zamu, kama watoto mstarini asubuhi kabla ya kuingia darasani.

Mchana nikafika 714 na 715. Karatasi mbili hizo zilikuwa zimegandana. Nilipozibandua kwa ukucha na kusoma namba zake, nilifurahi kama mtu aliyekutana stendi na ndugu asiowatarajia. Namba hizi mbili nazijua siku nyingi.

Kisa chake ni cha Marekani, kwenye besiboli. Babe Ruth alistaafu mwaka 1935 akiwa amepiga mipigo 714 ya kuuvusha mpira nje ya uwanja, na kwa karibu miaka 40 hakuna aliyemfikia. Tarehe 8 Aprili 1974, mjini Atlanta, Hank Aaron akapiga wa 715. Aaron alikuwa mtu mweusi anayeipita rekodi ya mzungu, na kabla ya siku hiyo alikuwa ameandikiwa barua nyingi za matusi na vitisho vya kumuua. Aliendelea kuingia uwanjani na kupiga. Kila nikikisoma kisa hiki nasimama kwanza hapo, kabla sijafika kwenye hesabu.

Sasa hesabu. Carl Pomerance, aliyekuwa mwanahisabati kijana katika Chuo Kikuu cha Georgia, alizitazama namba hizo mbili zilizokuwa midomoni mwa watu. Ukiipasua 714 mpaka zibaki namba tasa tupu, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, unapata 2 × 3 × 7 × 17. Ukiipasua 715, unapata 5 × 11 × 13. Jumlisha vipande vya kwanza: 2 na 3 na 7 na 17 ni 29. Jumlisha vya pili: 5 na 11 na 13 ni 29 vilevile. Hiyo tisa. Kumi ni kwamba vipande vyote vikiwekwa pamoja ni 2, 3, 5, 7, 11, 13 na 17, yaani namba tasa saba za mwanzo, hakuna iliyokosekana wala iliyojirudia. Zidisha 714 kwa 715 upate 510,510, namba ambayo hata kwa kuitamka tu ina mwendo wa ngoma.

Pomerance na wenzake wawili waliandika makala fupi mwaka huohuo, wakazipa jozi za aina hii, yaani namba mbili zinazofuatana ambazo jumla za vipande vyake ni sawa, majina ya wachezaji wale, Ruth na Aaron. Katika makala walibashiri kwamba kadiri unavyopanda kwenda namba kubwa, jozi hizi huzidi kuwa adimu, lakini hawakuwa na uthibitisho. Paul Erdős, yule Mhungaria aliyeishi akihama kutoka nyumba ya mwanahisabati mmoja hadi ya mwingine na sanduku lake, alimtafuta Pomerance akamwambia kwamba anaweza kulithibitisha. Ndivyo walivyoanza kufanya kazi pamoja. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Emory kilimpa Erdős shahada ya heshima, na Hank Aaron naye akapewa yake hapohapo. Wakatia saini zao kwenye mpira mmoja. Natamani sana ningeuona mpira ule.

Nimewaza njia nzima ya kurudi nyumbani juu ya ujirani wa namba. Darasani tulifundishwa kutafuta KKS, kigawo kikubwa cha shirika, tukaimba hatua zake bila kujua tunachokitafuta. Lakini chukua namba yoyote na ile inayoifuata: KKS yake ni 1 daima. Kama kingekuwapo kigawo kinachoingia kwa zote mbili, kingelazimika kuingia pia kwenye tofauti yake, na tofauti ni moja tu. Kwa hiyo 714 na 715, zilizokaa ubavu kwa ubavu, hazina hata kipande kimoja cha kuazimana. Ndiyo maana namba tasa saba zile ziliweza kugawanyika kati yake bila kugombaniwa. (Neno tasa lenyewe nafikiri haliwatendei haki hawa. Ndio wazazi wa namba zote nyingine.)

Jozi ninayoipenda kupita zote, hata hivyo, ni ndogo. 8 na 9. Vipande vya 8 ni 2, 2 na 2, jumla 6. Vya 9 ni 3 na 3, jumla 6. Nao ni Ruth na Aaron. Halafu 8 ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara tatu, na 9 ni 3 iliyozidishwa yenyewe mara mbili. Je, ziko namba nyingine mbili zinazofuatana, kubwa kuliko 1, ambazo zote mbili ni vipeo namna hiyo? Eugène Catalan alisema mwaka 1844 kwamba hazipo. Jibu lilisubiri hadi 2002, Preda Mihăilescu wa Romania alipothibitisha kwamba alikuwa sahihi. Miaka 158. Hata kabla ya hapo, mwaka 1343, huko kusini mwa Ufaransa, Levi ben Gershon alithibitisha sehemu ya jambo hili kwa ombi la mwanamuziki Philippe de Vitry: namba zilizojengwa kwa 2 na 3 tu huwa majirani mara nne pekee, yaani 1 na 2, 2 na 3, 3 na 4, 8 na 9. Mwanamuziki alikuwa na haja nazo kwa sababu ndizo uwiano wa sauti za nyuzi. Nyuzi mbili zinazolingana kwa yote isipokuwa urefu, moja 8 na nyingine 9, hutofautiana kwa sauti moja kamili, kama do na re.

Na sisi kwetu 8 na 9 ni mpaka wa lugha. Moja hadi tano ni Kibantu. Sita na saba zimetoka Uarabuni. Nane ni ya kwetu, tisa ya Uarabuni tena, kumi ya kwetu. Bibi yangu hakusema tisa alipohesabu nazi. Alisema kenda, na methali yake ilikuwa kenda karibu na kumi. Kenda hiyo bado iko kwenye miezi: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hivyo hivyo hadi Mfunguo Kenda, kisha namba zinakoma na yanaingia majina, Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Saba ya zamani nayo imejificha harusini, katika fungate, zile siku saba za maharusi kukaa ndani.

Usiku huu hasa ni wa namna yake. Leo ni Jumatano, siku ya tano kwa hesabu yetu inayoanzia Jumamosi. Kesho ni Alhamisi, na Alhamisi kwa Kiarabu ni ya tano pia, kwa kuwa wao huanzia Jumapili. Kila wiki tunatoka siku ya tano tunaingia siku ya tano. Nilikuwa mtu mzima nilipoligundua hilo, nikalirudia kwa sauti jikoni peke yangu.

Kabla sijazima taa, moja nyingine kwa kuwa nimeshaanza. 10 mara 10, 11 mara 11 na 12 mara 12 zikijumlishwa ni 365. 13 mara 13 na 14 mara 14 zikijumlishwa ni 365. Namba tano zinazofuatana zinaufikia mwaka mara mbili. Kuna picha iliyochorwa Urusi mwaka 1895 na Nikolai Bogdanov-Belsky, ya watoto wa kijijini wakikuna vichwa mbele ya ubao wenye hesabu hiyohiyo: jumla ya zote tano igawanywe kwa 365. Jibu ni 2, na wanatakiwa walipate kichwani. Wazee wa pwani nao waliuhesabu mwaka wa siku 365 kwa miongo ya siku kumi kumi, 36 kamili, zikabaki siku tano, na Makunduchi, Unguja, bado wanauosha kila Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Nikiiweka miongo ile karibu na ubao ule, sipati usingizi upesi.

Kesho naanzia 716. Nimeshaipasua kichwani: 2 × 2 × 179, jumla 183. Jirani yake 717 ni 3 × 239, jumla 242. Hazikaribiani hata kidogo. 719 ni tasa. Lakini nikifika 720 nitaweka kalamu chini kidogo, kwa sababu 720 ni 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6, na ni 8 × 9 × 10 pia.