Nilivyojifunza kuwaona vipepeo wa mvua za kwanza hapa Kigoma

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Mwanga, hapa Kigoma, na kwenye baraza yake kuna kona yenye kivuli ninapotundika nguo zilizokamilika. Septemba mwaka juzi, jua likiwa kali na vumbi likiingia mpaka kwenye mafuta ya mashine, niliona kitu kama jani kavu kimenasa ukutani kwenye kona ile. Nikanyoosha mkono nikitoe. Jani likafunguka. Ndani lilikuwa la buluu, buluu ya kitenge ambacho hakijawahi kufuliwa, na mstari wa madoa mekundu ukifuata pindo. Kisha likajifunga, likawa jani tena.

Jioni zilizofuata alirudi palepale, kwa zaidi ya wiki tatu. Nikaacha kutundika nguo kona ile. Nilitaka kujua huyu mgeni ni nani, na hilo ndilo lililonitoa kibandani na kunifanya nitembee nikitazama vipepeo.

Nilianza vibaya. Binti yangu na mimi tulishona wavu kwa kipande cha chandarua kikuukuu, tukaufunga kwenye mpini wa ufagio, tukatoka nao Jumapili saa saba mchana. Tulikimbia hadi tukachoka. Tulimpata mmoja tu, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hafifu anayezunguka sana kwenye milimao. Katika kumtoa wavuni bawa likachanika, na vidoleni mwangu ukabaki unga mweusi na wa njano. Baadaye nilijua kwamba ule unga ndio rangi yenyewe: bawa la kipepeo limefunikwa na magamba madogo mno, yamepangwa kama vigae vya paa, na yakitoka hayaoti tena. Binti yangu alilia. Usiku uleule niliufumua ule wavu.

Mtoto wa dada yangu ndiye aliyeniwekea programu ya iNaturalist kwenye simu. Unapiga picha, unaiweka, na watu wanaowajua viumbe hao, wengine wako mbali kabisa, wanakusaidia kupata jina. Picha yangu ya kwanza ya mgeni wa baraza ilikuwa ya jioni, ina kiza, haikumfaa mtu. Aliponiletea jibu kwamba haitambuliki, kijana aliniambia, "Mama mdogo, mpige akiwa amefungua na akiwa amefunga. Pande zote mbili." Ushauri huo ulinishika, kwa sababu ni wa kifundi. Kitenge kizuri hufanana nje na ndani. Kipepeo sivyo. Juu ana nguo ya kuonekana, chini ana nguo ya kujificha, na mara nyingi ni ule upande wa chini unaokueleza ni nani.

Nikachagua njia mbili tu na kuzirudia: moja ya kushuka mjini hadi Kibirizi kwa wavuvi, nyingine ya kwenda vichaka vya upande wa Bangwe. Mara mbili kwa wiki, daftari la mtoto la kurasa 40 mkononi. Kurudia njia ileile ndiko kulikonifungua macho, kuliko kutafuta mahali papya kila siku, maana unaanza kujua kichaka gani kina nini na siku gani kimebadilika.

Septemba na Oktoba mwanzoni daftari lilikuwa karibu tupu. Lakini nilipopanda basi kwenda Kasulu kwenye msiba, niliona kando ya barabara miombo imetoa majani mapya, mekundu kama shaba, na tone la mvua halijaanguka. Miti ile haisubiri mawingu. Hapo nikaelewa kwamba majira yetu ya kuchipua yanaanza kabla ya mvua, na vipepeo wako mahali fulani wakingoja. Nchi za baridi kama Uingereza wanakuwa na mambo yanayofanana na haya mwezi Machi: kuna kipepeo wa njano, Gonepteryx rhamni, anayepitisha miezi yote ya baridi akiwa mkubwa kamili, amejificha kwenye majani yasiyopukutika huku mabawa yake yakifanana na jani, na siku ya kwanza yenye jua la kutosha anatoka. Niliposoma habari zake nilimfikiria mgeni wangu ukutani. Wa kule anakimbia baridi, wa kwetu anakimbia ukame.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha mwishoni mwa Oktoba, usiku, mpaka bati likatisha. Asubuhi yake kona ya baraza ilikuwa tupu.

Sasa nieleze saa, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa nikipoteza muda. Kipepeo hana joto lake mwenyewe, analiazima kwa jua. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi utaona umande tu. Ukitoka saa saba, kama tulivyofanya na wavu, wameshapata moto kamili na hutawafikia. Saa tatu hivi asubuhi, hasa siku ambayo mvua imenyesha usiku na jua limetoka, wanakaa juu ya majani na mawe wametandaza mabawa wakiota jua, wazito, na unaweza kusogea hadi hatua mbili. Sogea polepole, na usiache kivuli chako kiwapitie. Kivuli kikiwagusa tu, wameondoka.

Kibirizi nilikuwa nikiangalia maua, kama mtu yeyote angefanya. Nilikuwa nimesimama kwenye ua la porini, sioni kitu, kijana mmoja mvuvi akanijia.

"Shikamoo mama. Umepoteza kitu?"

"Marahaba mwanangu. Natafuta vipepeo."

"Hapo huwapati. Njoo huku tunapooshea matenga ya dagaa."

Akanipeleka nyuma ya mitumbwi. Mchanga ulikuwa na unyevu, una harufu ya samaki, na juu yake walikuwa vipepeo weupe na wa kijani hafifu, wamebanana, mabawa yamesimama kama tanga za ngalawa, ndimi zao zimezama mchangani. Nilihesabu hadi 60 nikapotea. Nimekaa Kigoma maisha yangu yote, nimenunua dagaa pale mara nyingi, sikuwahi kuwaona. Kisa ni chumvi. Nekta ya maua ina sukari lakini chumvi yake ni kidogo mno, basi wanaitafuta kwenye tope, kwenye mkojo wa ng'ombe, kwenye maji ya samaki. Wengi wao ni madume, na ile chumvi wanawapa majike wakati wa kupandana, inakwenda kwenye mayai. Tangu siku hiyo, mahali penye dimbwi linalokauka napachunguza kwanza kabla ya ua lolote.

Jambo la pili lililonisaidia lilikuwa nyumbani kwangu, kwenye mndimu. Miaka yote nilikuwa nikipulizia dawa viwavi wanaokula majani yake. Novemba ile nikaacha. Kiwavi mdogo wa Papilio demodocus, yule mweusi niliyemchana bawa, anafanana kabisa na kinyesi cha ndege: kahawia na doa jeupe, anang'aa kama kimaji. Akikua anageuka kijani na kupotea kati ya majani. Ukimgusa, nyuma ya kichwa anachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali ya kufukuza adui. Binti yangu alikuwa akimgusa kila asubuhi mpaka nikamwambia amwache ale. Tulihesabu saba. Watatu walipotea, nadhani kwa ndege. Mmoja alifika kuwa pupa, yaani akajifunga kwenye ganda kabla ya kuwa kipepeo, akakaa, akawa mweusi, na kilichotoka ni nyigu wadogo sana, kundi zima. Sikujua kama mambo hayo yapo. Watatu waliobaki walitoka salama, na mmoja tulimwona tangu ganda linapasuka, mabawa yamekunjamana kama khanga iliyotolewa kwenye beseni, mpaka yalipojaa na kunyooka.

Kwa hiyo siku hizi nauliza kwanza mmea. Panapo miti ya jamii ya mjohoro, natazamia wale wakubwa wa kijani-nyeupe waendao kasi, Catopsilia florella, majike wakishuka kutaga. Penye matuta ya viazi vitamu kuna Acraea acerata, wa rangi ya machungwa mwenye pindo jeusi, na viwavi wake wanatafuna majani hadi mama mwenye shamba anakasirika, na ana haki. Sikumwambia awaache.

Kuna wawili walionipa kazi. Njiani kwenda Bangwe unamwona kipepeo wa rangi ya machungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye mkanda mweupe, anaruka polepole bila wasiwasi. Ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya utomvu anaitunza mwilini, kwa hiyo ndege aliyemwonja mara moja hamrudii. Nilikuwa nimemwandika mara 14. Kisha mtu kwenye iNaturalist akanisahihisha: wanne kati ya hao si yeye. Ni majike wa Hypolimnas misippus, wasio na sumu, waliovaa mshono uleule ili ndege wawaogope. Nilikaa na picha jioni nzima kama ninavyokaa na nguo mbili ambazo mteja anadai ni za fundi mmoja. Tofauti iko kwenye bawa la nyuma. Mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa. Mwigaji ana doa moja tu, kwenye ukingo wa mbele. Dume la huyo mwigaji halimfanani hata kidogo: ni jeusi, kila bawa la mbele lina mabaka mawili meupe na la nyuma moja, yote yamezungushiwa zambarau. Nilimpata dume wiki moja baadaye, juu ya jiwe, akifukuza kila kinachopita. Sikuhitaji kumuuliza mtu.

Wale wanene wenye nguvu, jamii ya Charaxes, hawatafuti maua. Niliwapata kwa ndizi mbivu nilizoziponda, nikazifungia kwenye kopo siku tatu, nikaziweka kwenye sahani juu ya kisiki. Sisimizi wengi walikuja pia, ndiyo gharama yake.

Turudi kwa wa buluu. Novemba yote sikumwona. Badala yake, upande wa Bangwe, kwenye vichaka vya majani yenye harufu, jamii ya mrehani, akatokea mwingine, mwekundu wa chungwa iliyoiva, madoa meusi mgongoni na pindo jeusi. Nikampiga picha pande zote mbili kama nilivyofundishwa. Jina lilikuja siku hiyohiyo: Precis octavia. Nikaliandika kama aina mpya.

Siku chache baadaye, saa nne asubuhi, kwenye kichaka hichohicho, nikawaona wawili wamepandana, ncha kwa ncha. Mmoja mwekundu. Mwingine wa buluu, mabawa yamechakaa, ukingo umemeguka. Niliketi chini kwenye tope na gauni langu. Niliwapiga picha 23, mikono ikitetemeka, na wao hawakuondoka.

Jibu lilithibitisha nilichokuwa nimeanza kukishuku: wote wawili ni Precis octavia. Aliyekua wakati wa joto na mvua anatoka mwekundu, aliyekua kuelekea kiangazi anatoka wa buluu, na upande wake wa chini unakuwa jani kavu kwa ajili ya kujificha ukutani na kwenye mapango. Wataalamu wa zamani walidhani ni aina mbili, mpaka Guy Marshall alipowafuga kule Mashonaland, Zimbabwe ya leo, mayai ya mama wa rangi moja yakatoa watoto wa rangi nyingine. Alichapisha habari hiyo mwaka 1898. Nilifuta mstari mmoja kwenye daftari, nikaunganisha kurasa mbili kwa uzi.

Wekundu waliendelea Desemba hadi Aprili. Mwezi Mei, mvua zikikatika, kichakani Bangwe nikaona mmoja ambaye si huyu wala si yule: mwekundu katikati, buluu imeanza kumpanda kutoka mwilini kama rangi inayopenya kitambaa kilicholowa. Juni nilikuwa nashona sare za shule mpaka usiku, sikutembea. Jioni moja nilipoinua macho, jani kavu lilikuwa ukutani kwenye kona ya baraza. Nikahamishia pasi ya mkaa upande wa pili, moshi usimfikie.