Wambea wenye barua ya mtendaji

Ukikaa Moshi ukasema unafanya utafiti wa soko watu wanaelewa moja kati ya mawili, umetumwa na TRA au unakuja kugawa sabuni. Mama yangu aliamua zamani, majirani wakimuuliza huko Kibosho anajibu "anafanya mambo ya semina", na nimeacha kubishana nae maana kwa mbali vinafanana kweli, kuna ukumbi, kuna soda, kuna watu wanasaini halafu wanapewa nauli.

Ngoja niwaeleze basi maana hata ndugu zetu wa takwimu tunachanganywa nao. Wao ni wale wa tablet, anagonga geti, ana dodoso refu, unamjibu ndio hapana sijui, anaruka nyumba kadhaa anagonga nyingine. Sisi tunakaa na watu sita mpaka wanane masaa mawili tunaongelea mafuta ya kula. Masaa mawili! Wao wanataka wangapi, sisi tunataka ilikuwaje. Na hatuulizi kwanini, yaani tunakwepa kabisa, maana ukimuuliza mtu mzima kwanini ulinunua hii anajiona yuko kituoni anaandikisha maelezo, anakutungia sababu ya heshima ili yaishe. Unamwambia tu hebu nieleze siku ile ulivyoenda dukani, anaanza na mvua, anaenda kwa mtoto alivyolilia biskuti, na jibu lako liko humohumo katikati.

Watu wengi wanadhani kazi hii inataka waongeaji. Kila mwaka wanakuja vijana wamemaliza chuo, wachangamfu, ma-MC wa harusi, na ndio wanaoshindwa mapema kuliko wote kwasababu mshiriki akinyamaza sekunde tatu wao wanajaza. Modereta mzuri, yaani yule anayeongoza mazungumzo ya kundi, ni mtu anayejua kujifanya hajui. Dada ninaefanya nae kazi sana, mtu wa Sakina kule Arusha, huyu mama ana duka lake mwenyewe na bei za Soko la Kilombero anazijua zote kichwani, ila ukimuona kwenye kundi utadhani hajawahi kufua nguo maishani mwake. "Eeh? Kwahiyo unaanza kuloweka kwanza?" na uso wake umekaa hivyohivyo, hamna anayestuka.

Kuna siku tulikuwa Pasua, hapahapa Moshi, kundi la kina mama, sabuni ya unga. Wanaisifia tu. Nzuri, ina povu, inanukia, tunashukuru. Wachaga na Wapare na wengine wote tuna huu ugonjwa wa kumsifia mgeni alicholeta, hasa akiwa amekuja na soda. Mimi naandika noti pembeni, kurasa zinajaa nzuri nzuri nzuri. Dada wa Sakina amenyamaza, anachezea peni. Sasa mama mmoja wa kwenye kona akachota unga kidogo, akausugua kati ya vidole, akanusa, halafu akajifuta vidole kwenye khanga, akajifuta tena. Dada akamwambia kwa upole, "Mama mkubwa, naona unajifuta." Yule mama akacheka kwa aibu akasema, "Inawasha mwanangu." Basi! Mwingine akadakia kwamba yeye anaichanganya na sabuni ya kipande, mwingine mama mkwe wake kamkataza asifulie nayo nguo za mtoto, wa tatu akavua pete kutuonyesha kidole, na ndani ya muda mfupi tukapata vitu ambavyo lile saa zima la kwanza halikuvitoa. Ernest Dichter, yule mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani mwaka 1938, alipopewa kazi ya sabuni ya Ivory hakuhangaika kuuliza watu wanaipenda au hawaipendi, aliwaacha waongelee kuoga kwenyewe. Ni kitu hichohicho, ila Pasua hamna kochi la kumlaza mtu ajieleze.

Huku kwetu vyumba vyenye kile kioo cha kuchungulia ni adimu, kwahiyo klayenti, mwenye bidhaa anayetulipa, anakaa chumba cha pili hotelini anaangalia kwenye TV kwa waya uliopita chini ya mlango. Siku ile alivyosikia inawasha akaanza kutuma vikaratasi. Muulizeni kama angenunua ikishushwa bei. Karatasi la pili, la tatu, yule mhudumu wa chai ndio tarishi. Nisimseme sana lakini maana mambo haya yana historia, mwaka 1941 Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alialikwa na mwenzake Paul Lazarsfeld kuja kuona watu wanavyosikiliza kipindi cha redio huku wakibonyeza kitufe chekundu kama hawajapenda na cha kijani kama wamependa, akaona wanavyohojiwa baadae sivyo, akawa anamwandikia mwenzake vikaratasi. Makundi haya tunayofanya leo yana mizizi yake pale. Kwahiyo kikaratasi ni mila, tatizo ni kwamba Merton alikuwa na hoja.

Mtu ninaemheshimu kuliko wote kwenye hii kazi ni rikruta, yule anayetutafutia washiriki, na ndie anayelipwa kidogo na kulaumiwa sana. Wa kwetu Moshi ni mama wa Majengo, anaanza kwa mtendaji wa kata na barua, anashuka kwa mwenyekiti wa mtaa, ndio anaingia nyumba kwa nyumba kutafuta mama wa miaka 25 mpaka 35, ana mtoto chini ya miaka mitano, anatumia brandi fulani, hajashiriki utafiti miezi sita iliyopita, na hana ndugu kwenye kampuni ya matangazo. Jaribu wewe uone. Mtu akikosa kufika, kosa la rikruta. Na wazoefu nao wapo, wale wa kuhudhuria kila utafiti, Arusha ndio wamejaa, kaka mmoja nimemkuta Ngarenaro ni bodaboda, nikamkuta tena Tengeru ni mkulima wa mbogamboga. Mzoefu unamjua kabla hajafungua mdomo kwasababu anazima simu bila kuambiwa, halafu anaanza, "kwa mtazamo wangu mimi kama mlaji". Hamna mlaji anayeongea hivyo jamani.

Alafu kuna wa kuchapa, anayesikiliza rekodi na kuandika kila kilichosemwa. Saa moja ya rekodi inakula masaa manne, sita, na kama washiriki wamehamia Kichaga ndio usiseme, maana wa Machame ukimpa sauti ya Rombo anakurudishia. Kijana wetu wa kuchapa ni mkimya balaa, headphone muda wote, hawajui watu kwa sura ila sauti zao anazo kichwani. Anasema akipita Mbuyuni anasikia muuza nyanya anaita wateja, anamjua, anajua mpaka mume wake anavyomficha hela, na inabidi anunue nyanya aondoke. Hata kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa hivyo, ukisema tu umekwisha, mji ni mdogo huu. Ila tangu sheria ianze Mei 2023 fomu za ridhaa zimekuwa ndefu, na wazee wetu kusaini karatasi wasiyoielewa wanaona kama wanauza kihamba, shamba la ukoo.

Nyumbani ndio tunasumbua. Mume wa yule dada wa Sakina alishamwambia usinifanyie kikundi hapa, sema unataka nini. Kwenye kamati za harusi sasa wanamgombania huyo dada, maana yule mjomba wa kupayuka anamnyamazisha kwa kumsifia kwanza halafu anamgeukia mwingine.

Ombi langu kwa mnaotupa kazi kutoka Dar, Desemba msitutume Moshi. Kila mwaka nasema. Mwezi huo nusu ya watu utakaowakuta Marangu na Machame wamekuja kula Krismasi, wananunua vya mjini kwa hela ya mjini, halafu mnaandika ripoti kwamba mteja wa kijijini Kilimanjaro anapenda pakiti kubwa. Anapenda pakiti kubwa kwasababu nyumba ina wageni kumi na tano! Njooni Februari.

Kesho kutwa nina makundi mawili Usa River, maziwa, rikruta kanipigia mshiriki mmoja anauliza kama anaweza kuja na mtoto mchanga. Nimemwambia aje nae.