Siku ya Ushindi mjini Dhaka
Leo, tarehe 16 Desemba, nimeungana na wenyeji wangu wa Bangladesh kuadhimisha Siku ya Ushindi, sikukuu ya taifa inayokumbuka alasiri ile ya mwaka 1971, mwisho wa vita vya Bangladesh kujikomboa kutoka Pakistani, ambapo Jenerali A. A. K. Niazi wa jeshi la Pakistani alitia saini hati ya kusalimu amri mbele ya Jenerali Jagjit Singh Aurora, kamanda wa majeshi ya pamoja ya India na Bangladesh. Tendo hilo lilifanyika hadharani, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ramna, palepale Sheikh Mujibur Rahman, kiongozi wa harakati za uhuru wa Bangladesh, alipowahutubia wananchi tarehe 7 Machi mwaka huohuo, na kwa maoni yangu hapakuwa na mahali palipostahili zaidi. Watu wapatao 93,000 wa upande wa Pakistani wakawa mateka.

Kilichonigusa mno ni mnara wa mashujaa ulioko Savar, karibu na Dhaka, wenye kuta saba za pembetatu zinazozidiana kimo. Tangu alfajiri watu walipanga foleni na maua, wazee waliopigana vita vile wakishikwa mkono na wajukuu, na mama anayenipangisha chumba, ambaye kaka yake aliuawa katika miezi ile tisa ya vita, aliniomba niweke shada langu kando ya lake, heshima niliyoipokea kwa moyo wote.