Vipimo Safi, Mwili Bado Unauma

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwili wenyewe. Methotreksati, dawa inayotuliza kinga hiyo, nameza mara moja kwa wiki, pamoja na vitamini ya asidi ya foliki kwa siku nilizopangiwa. Imenisaidia sana: vifundo vya vidole vilinywea, ukakamavu wa asubuhi uliokuwa unapita saa nzima ukabaki wa dakika chache, na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, ikashuka. Maumivu ndiyo hayakuondoka. Shangazi akinichua kwa mafuta ya karafuu, tena polepole, nilitamani kupiga kelele. Nikiambiwa "vipimo viko safi", nilitoka kliniki nalia, maana ilikuwa sawa na kuambiwa najifanya.

Daktari mmoja alipokuta viungo vyangu havina uvimbe, alinibonyeza kwenye muundi, kisha kwenye ukucha wa dole gumba. Niliruka. "Hapa hapana kiungo, dada," akasema, "lakini maumivu yako ni ya kweli." Akanieleza kuwa uvimbe ukikaa muda mrefu, uti wa mgongo na ubongo huwa vyepesi mno kupokea maumivu, na mguso mdogo ukafika kama pigo. Kukosa usingizi kunazidisha, kwa sababu mwili unapungukiwa na uwezo wake wa kuyatuliza.

Basi tukaanzia kwenye usingizi. Alinipa amitriptilini, dawa inayosaidia usingizi na maumivu, miligramu 10 usiku. Mdomo unakauka, na mwanzoni niliamka na kichwa kizito. Kazi za usiku nimeziacha, hata msimu wa Idi, na wateja wamezoea. Jioni natembea Raskazone. Nilianza na kipande kifupi, nikawa naongeza kidogo kidogo, na siku ninayojisikia vizuri sizidishi, kwani kuzidisha ndiko kulikokuwa kunanilaza kesho yake.

Sasa nayatofautisha maumivu yangu. Kifundo kikivimba, kikawa cha moto, na ukakamavu ukarefuka, hiyo ni baridi yabisi imeamka: nakwenda kliniki mara moja. Mwili mzima ukiuma baada ya kulala vibaya, bila uvimbe, napumzika, naoga maji ya moto na kutembea taratibu. Methotreksati siachi kwa vyovyote.

Kama nawe vipimo ni safi na bado unaumia, mwombe daktari akubonyeze na pale pasipo na kiungo.