Dawa ya Bei Nafuu na Shaka ya Anayeiandika

Katika duka la dawa ninalofanyia kazi hapa Chake Chake, mgonjwa wa presha anaweza kupata amlodipini ya kiwanda kimoja mwezi huu na ya kiwanda kingine mwezi ujao, na mara nyingi mzozo huanzia kwenye umbo la kidonge kabla hata bei haijatajwa. "Hizi si zangu, mwanangu," aliniambia bibi mmoja huku akikigeuzageuza kidonge kiganjani, "zangu zina mstari katikati." Nilimwonesha jina la dawa na miligramu 5 zilizoandikwa kwenye pakiti zote mbili. Alisoma, akaguna, kisha akauliza kama ninayo "ile ya daktari".

Shina la jambo lipo hapo. Cheti kikiandikwa kwa jina la kampuni, mgonjwa hutoka kwa daktari akiamini kwamba jina hilo ndiyo dawa yenyewe, na chochote kingine atakachopewa dirishani atakihesabu kuwa cha kubahatisha. Simlaumu, kwani anayesema rahisi ghali amejifunza hivyo kwa simu na vipuri alivyonunua mwenyewe. Unafuu wa dawa hizi za jeneriki, yaani zinazotengenezwa na viwanda vingine kwa kuifuata dawa ya mwanzo, hata hivyo, una sababu yake: hataza ya miaka 20, yaani haki ya kampuni iliyoigundua dawa kuitengeneza peke yake, imekwisha, na mtengenezaji anayefuata harudii majaribio makubwa kwa wagonjwa, ila hutakiwa kuthibitisha kwamba dawa yake inaingia katika damu kwa kiasi na kwa kasi inayolingana na ile ya mwanzo.

Baadhi ya madaktari husikia kwamba ulinganifu huo hupimwa kati ya asilimia 80 na 125 ya dawa ya mwanzo, wakahitimisha kuwa kidonge kinaweza kupungukiwa na moja ya tano ya dawa. Sivyo. Mipaka hiyo ni ya kitakwimu, na makadirio yote pamoja na ukingo wake wa makosa lazima yakae ndani yake, kwa hiyo dawa ambayo wastani wake umeteleza mbali na 100 haipiti kwa urahisi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliyopitia tafiti 2,070, ilikuta kwamba tofauti ya kiasi cha dawa kinachofika katika damu ilikuwa, kwa wastani, chini ya asilimia 4.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba daktari huyohuyo haoni tabu kuandika dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, ambazo nyingi zinazotumika Afrika ni za aina hii hii. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza mseto wa dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, wakati katika nchi tajiri matibabu hayo yaligharimu zaidi ya dola 10,000. Kama tunaziamini kwa ugonjwa huo, sijui presha ina nini.

Ipo shaka yenye msingi, nayo inahusu ubora. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni duni au ya kughushi. Lakini mwenye kughushi huyaiga hata majina makubwa. La kuuliza ni kama dawa imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na kama imehifadhiwa mbali na joto na unyevu wetu wa pwani. Vilevile kwa dawa kama warfarini ya kuzuia damu kuganda na fenitoini ya kifafa, ambazo tofauti ndogo ya kipimo huweza kudhuru, ni busara mgonjwa abaki na kiwanda kimoja, na kikibadilishwa daktari aarifiwe ili ampime tena. Kwa nyingine zote, ningeomba cheti kiandikwe jina la dawa yenyewe, na mgonjwa aambiwe mapema, na daktari mwenyewe, kwamba rangi na umbo la kidonge huenda vikabadilika.