Safari ya Lindi Kumlilia Sridevi

Habari ya kifo cha Sridevi, mwigizaji wa sinema za Kihindi, ilinifikia nikiwa Dar es Salaam asubuhi ya Jumapili, tarehe 25 Februari 2018. Alikuwa amefariki Dubai siku iliyotangulia, akiwa na umri wa miaka 54. Jumanne alfajiri nilikwenda Mbagala Rangi Tatu nikapanda basi la Lindi, bila kujua mazishi yatakuwa lini, maana mwili ulikuwa bado haujatoka Dubai. Nilichokijua ni kwamba siku hiyo ya mazishi nilitaka kuwa sebuleni kwa shangazi yangu, mtaa wa Mikumbi, mahali nilipomwona mwigizaji huyo kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 8.

Tulivuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, kwa muda mfupi sana. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003, magari yalisubiri kivuko hapo Ndundu, na wakati wa masika kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi za tope, kiliweza kumlaza msafiri njiani siku kadhaa. Nilikitazama kipande hicho kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari, kwa sababu ndiko mikanda yetu ya video ilikopita. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994; kwa hiyo picha la Kihindi lililotufikia Lindi lilikuwa limebebwa na mtu ndani ya mfuko, limechezwa kwenye deki nyingi kabla ya yetu, na likawashwa huku mistari myeupe ikipita juu ya uso wa stelingi.

Mkanda wa kwanza ulikuwa Nagina, picha ya mwaka 1986. Sridevi aliigiza nyoka aliyejigeuza mwanamke akaolewa, na mwishoni mganga wa nyoka, aliyeigizwa na Amrish Puri, anapuliza zumari lake ili kumtoa mafichoni. Hapo ndipo alipocheza. Alivaa nguo nyeupe, macho yakiwa yamebadilika rangi, na katika dakika chache zile uso wake ulipita kutoka kwenye uoga hadi kwenye kiburi, kutoka kiburi hadi maumivu, kisha hasira, wala hatukuhitaji kuambiwa lini uso umehama. Hakuna hata mmoja sebuleni aliyejua Kihindi. Binamu yangu mkubwa alitufasiria kwa kukisia, na sisi wasichana tulimkatiza kila alipokosea, kwa kuwa tulikuwa tunamtazama Sridevi na yeye alikuwa anatazama nyoka. Kwa wiki nzima tulijifunga kanga za mama zetu mtindo wa sari, tukajipaka wanja hadi macho yakatuwasha.

Somanga nilinunua samaki wa kukaanga. Baada ya Nangurukuru joto lilizidi, na nilisinzia hadi Mchinga.

Shangazi, ambaye sasa amevuka miaka 70, alikuwa ameketi barazani.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Pole na msiba.”

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amenipa pole. Nililia pale pale mlangoni, naye akaniacha nilie.

Jumatano, tarehe 28, tulikaa mbele ya televisheni tangu asubuhi. King'amuzi chake kina chaneli ya Kihindi, na mitaa ya Mumbai ilikuwa imejaa watu waliokuja kumsindikiza. Alichomwa jioni kwa desturi ya Kihindu, kwa heshima za kiserikali. Gari lililombeba lilipopambwa kwa maua meupe na kuanza kutembea, shangazi alivuta kanga yake akajifunika kichwa, kama anavyofanya jeneza linapopita mtaani kwetu.

Jambo moja nilikuwa nimelihifadhi nimwambie yeye kabla ya mtu mwingine. Sridevi alizaliwa kusini mwa India, Tamil Nadu, akaanza kuigiza akiwa na miaka 4 katika sinema za Kitamil, na alipoingia kwenye sinema za Mumbai, Kihindi hakikuwa lugha yake. Katika picha zake nyingi za mwanzo huko, sauti tuliyoisikia ilikuwa ya mwigizaji mwingine. Ilikuwa hadi picha ya Chandni, mwaka 1989, ndipo aliposema kwa sauti yake mwenyewe. Mimi jambo hilo lilinizidishia mapenzi. Sauti waliiazima, lakini ule uso haukuwa na mtu wa kuuazima kwake, na ndio uliotufikia sisi wa Lindi ukiwa mzima. Nadhani ndiyo maana, aliporudi mwaka 2012 katika English Vinglish, akiigiza mama wa nyumbani anayechekwa na familia yake kwa kutojua Kiingereza, kila aibu iliyompita usoni niliiamini.

Shangazi alinyamaza muda mrefu, macho yake yakiwa kwenye kioo.

“Kumbe na yeye alikuwa mgeni wa maneno yale,” alisema, “kama sisi.”

Kisha akaniomba nizime televisheni, niketi karibu naye mkekani, nimsimulie upya ile picha ya nyoka tangu mwanzo, jinsi tulivyoikisia siku zile.